Siku Ile Tulikuwa Wangapi?

Huku kwetu Irumu, Misa ya pili ya Jumapili ikiisha, akina mama hutangulia nyumbani kutazama sombe jikoni, nasi wanaume hujikuta tumefika, bila mtu kumwita mwenziwe, chini ya mikaratusi mitatu iliyo mbele ya nyumba ya fundi wa baiskeli. Fundi mwenyewe siku hiyo hafanyi kazi, ila benchi lake haliingizwi ndani. Hapo husemwa habari za bei ya muhogo, za barabara ya Komanda, za nani amefika salama na nani hajafika. Lakini maneno hayo ni kama kunawa mikono kabla ya kula. Chakula chenyewe ni mpira.

Tena si mpira wa jana. Mpira wa jana vijana huumaliza usiku uleule katika vibanda vya kuonyesha michezo. Sisi tunasema mpira wa zamani, na katika mpira wa zamani hakuna jambo linaloleta ubishi kama idadi ya watazamaji. Juu ya mabao watu hupatana. Juu ya jina la mlinda mlango hupatana. Hata kosa la refa, miaka hamsini ikiisha kupita, wote hupatana kwamba lilikuwa kosa. Lakini uliza tu, "Siku ile watu walikuwa wangapi?" na hapo ndugu wawili waliopokea Komunyo pamoja asubuhi hawasikilizani tena.

Mwenye hesabu kubwa kuliko wote ni mzee mmoja aliyekuwa katekista miaka mingi, nasi tungali tukimwita Baba Katekista. Hesabu yake ni moja, wala haijabadilika tangu nilipokuwa mtoto: elfu kumi. Watu elfu kumi, asema, walisimama kandokando ya kiwanja cha parokia yetu Jumatatu ya Pasaka mwaka 1968, timu yetu ilipocheza na timu iliyotoka Bunia. Yeye alikuwa kijana wa miaka 18, akicheza winga wa kushoto. Tulishinda mabao 3 kwa 2, na bao la tatu lilitoka mguuni pake. Jambo hilo halina ubishi, kwa maana wako wazee wengine wawili walioliona kwa macho.

Yafaa nieleze kidogo mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Tarehe 21 Januari 1968, mjini Addis Ababa, timu ya taifa ya Kongo iliishinda Ghana bao 1 kwa 0, likifungwa na Pierre Kalala, na kwa mara ya kwanza Kombe la Afrika likaja kwetu. Huko Lubumbashi timu ya Englebert, ambayo leo huitwa Mazembe, na ambayo ilizaliwa mwaka 1939 mikononi mwa wamonaki Wabenedikto, ilikuwa imetwaa kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967, nayo ikalitwaa tena mwaka 1968. Basi kila mtoto aliyekuwa na mpira wa majani ya mgomba alijiita Kalala. Mama mmoja aliniambia kwamba mwaka ule alikuwa akimwita mwanawe aje kuteka maji, wakaja Kalala saba.

Mimi ni mwalimu, na somo nilipendalo ni hesabu. Nilikaa seminari miaka saba, na ingawa Mungu hakuniita kwenye altare, walimu wangu waliniachia tabia ya kuuliza. Walitufundisha kwamba "wengi" si idadi, na kwamba asemaye "elfu" sharti aonyeshe mamoja yake. Basi Jumapili moja nikamwuliza mzee mbele ya watu wote, "Baba, hao elfu kumi nani aliwahesabu?"

Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, mvua ikinyesha, nani huhesabu matone? Lakini asubuhi wajua kwamba imenyesha."

Watu wakacheka, wakanicheka mimi. Na kicheko kile, nakiri, ndicho kilichonipoteza.

Jumatatu nikawachukua watoto wa darasa la sita hadi kiwanjani, na kamba ya mita 10 yenye mafundo kila mita. Kiwanja ni kilekile cha zamani, hakijasogezwa. Tukapata urefu mita 92 na upana mita 56. Mzingo wake, mita 296. Nikawasimamisha watoto bega kwa bega, tukaona kwamba mtu mzima asimamaye kwa kubanwa hutwaa nusu mita. Basi mstari mmoja kuzunguka kiwanja ni watu 592. Lakini mistari inaweza kuwa mingapi? Hapo ndipo penye siri, maana mahali palipo tambarare mtu wa mstari wa tano haoni kitu ila visogo. Tukakubali mistari minne: watoto wameketi, nyuma yao watu wamechuchumaa, nyuma yao wamesimama, na nyuma kabisa wamepanda juu ya baiskeli na viti. Hiyo ni watu 2,368. Upande wa mashariki pana mteremko, urefu wa mita 92 zilezile, ambapo mistari sita mingine ingeweza kupanda na kuona vizuri. Hao ni 1,104. Jumla 3,472. Watoto walifurahi sana, na mimi zaidi yao.

Nikawaeleza pia habari ya mwalimu mwenzetu wa Marekani, Herbert Jacobs, aliyefundisha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Katika miaka ya 1960 wanafunzi walikuwa wakikusanyika katika ua uliokuwa chini ya dirisha lake, na ua ule ulikuwa umegawanywa miraba kwa mistari ya sakafu. Yeye akahesabu watu wa miraba michache, akazidisha kwa miraba yote. Akaona kwamba watu waliosimama kwa raha kila mmoja hutwaa karibu mita moja ya mraba. Wakisongamana, hutosha chini ya nusu ya mita hiyo. Wakibanana hata mkono haupiti, ni watu wanne katika mita moja ya mraba. Nawaombeni wasomaji mkumbuke hesabu hiyo ya watu wanne, maana itarudi, na itarudi kwa kunipiga mimi.

Jumapili iliyofuata nikaja na karatasi. Nikaisoma kwa sauti, mita kwa mita, kama mtu asomaye tangazo la ndoa. Nilipofika 3,472, kijana mmoja wa pikipiki akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Baba Katekista, hao 6,500 wengine uliwaleta wapi?" Watu wakacheka tena, na safari hii hawakunicheka mimi.

Mama mmoja auzaye karanga hapo kando ndiye aliyejaribu kumtetea. Akaniuliza, "Mwalimu, na watoto wa mgongoni? Wao katika kamba yako wanasimama wapi?" Swali lilikuwa zuri kuliko nilivyotaka kukiri, kwa sababu mtoto wa mgongoni hatwai nafasi hata kidogo chini, naye ni mtu. Hata Mwinjili Mathayo, alipoandika juu ya wale walioshiba mikate, alitaja wanaume 5,000 na kuwaacha wanawake na watoto nje ya hesabu. Lakini mimi nilikuwa na karatasi mkononi, sikutaka kusumbuliwa. Nikajibu kwamba watoto wa mgongoni hawatazami mpira.

Mzee akachukua kofia yake juu ya goti. Akasema, "Haya, Mwalimu. Umeshinda." Akaenda zake kwa miguu yake ileile ya winga wa kushoto, akichechemea. Jumapili iliyofuata hakuja. Na ya pili yake hakuja.

Sisi tukaendelea. Mimi nikawa kama hakimu wa idadi zote, watu wakinitafuta kwa maswali, nami nikiwapa majibu yaliyoandikwa. Niliwaambia kwamba ugomvi huu si wa Irumu peke yake. Tarehe 28 Aprili 1923, mjini London, ilichezwa fainali ya kwanza katika uwanja wa Wembley, Bolton Wanderers na West Ham United. Waliohesabiwa milangoni walikuwa 126,047. Lakini watu wasiohesabika waliruka ukuta, wakajaa hata ndani ya mistari ya kiwanja, ikabidi askari, mmoja wao akiwa juu ya farasi mweupe anayekumbukwa hata leo, wawasukume nyuma polepole ndipo mchezo uanze. Wako waliosema walikuwa 200,000, wako waliosema 300,000. Bolton walishinda 2 kwa 0, na juu ya hilo hakuna aliyegombana. Vivyo hivyo Rio de Janeiro tarehe 16 Julai 1950, Uruguay walipoishinda Brazil 2 kwa 1 katika uwanja wa Maracanã: tiketi zilizolipiwa ni 173,850, lakini vinywa vya watu husema 200,000. Daima iko hesabu ya mlangoni na iko hesabu ya mdomoni.

Kisha tukafika Kinshasa, maana huwezi kuzungumza habari za umati wa watu katika Kongo usifike kwa Tata Raphaël. Huyu alikuwa padri wa shirika la Scheut, Mbelgiji, jina lake Raphaël de la Kethulle, aliyewafundisha vijana wa Léopoldville shule na michezo kwa pamoja. Uwanja mkubwa aliouanzisha ulifunguliwa mwaka 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin; yeye akafariki mwaka 1956; baadaye ukaitwa uwanja wa 20 Mei, na leo una jina lake mwenyewe. Ni hapo Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974, mbele ya watu wapatao 60,000. Hiyo ndiyo idadi inayoandikwa. Mimi lakini, kwa kadiri ya wazee niliokutana nao Bunia na Irumu tu ambao wanasema walikuwapo usiku ule, nashangaa kama wenyeji wa Kinshasa walipata mahali pa kukaa.

Mwaka huohuo wa 1974 lilitokea jambo ambalo hunishangaza kuliko yote. Timu yetu ya Zaire ilifika fainali ya Kombe la Afrika huko Misri. Ilicheza na Zambia mjini Cairo, ikawa 2 kwa 2; na kwa kuwa siku zile hawakuamua kwa penalti, siku mbili baadaye, tarehe 14 Machi, wakarudia, Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba, ambaye katika mashindano yale alifunga mabao 9, wala hajatokea mtu mwingine aliyefikisha idadi hiyo katika Kombe la Afrika moja. Na watazamaji wa siku ile ya kombe? Vitabu vya kumbukumbu huandika 1,000. Uwanja mkubwa wa Cairo, na ndani yake watu kama wa Misa yetu ya sikukuu. Fundi wa baiskeli alikataa kabisa. Alisema, "Mwalimu, siku ile sisi tulikuwapo!" Nikamwuliza alikuwa wapi. Akasema, "Kwa redio."

Tulicheka, lakini neno lile lilikaa moyoni mwangu.

Yuko dereva mmoja wa lori ambaye huja kwetu anapokuwa hana safari, naye hapendi mazungumzo haya ya idadi. Siku ile akasema sababu. Alifika Butembo mwaka 2008, siku moja baada ya mechi ya Socozaki na Nyuki System. Wasomaji wengine watakumbuka: tarehe 14 Septemba mwaka ule, wachezaji walishtakiana uchawi kiwanjani, ugomvi ukaenea, polisi wakaingilia, na umati ukakimbilia kutoka nje kwa pamoja. Watu wapatao 13 walikufa kwa kukanyagwa na kukosa pumzi, wengi wao vijana tu. Na huko Kinshasa, katika uwanja uleule wa Tata Raphaël, tarehe 11 Mei 2014, mechi ya V.Club na Mazembe ilipoharibika, watu 15 walikufa vivyo hivyo. Dereva akaniambia, "Mwalimu, kamba yako hiyo uwapelekee wenye viwanja. Wao ndio wanaopaswa kujua wangapi wanaingia na wangapi wanaweza kutoka kwa mlango mmoja. Lakini mzee wetu wa watu, yeye alikuwa hauzi tiketi. Ulimpimia nini?"

Sikuwa na jibu. Hata hivyo nilikuwa bado sijaona haya. Haya ililetwa na mtoto.

Kila mwaka, ninapotaka kuwachangamsha watoto wa darasa la sita, mimi huwasimulia habari ya tarehe 14 Desemba 2010. Jioni ile, huko Abu Dhabi, TP Mazembe waliwashinda Internacional wa Brazil 2 kwa 0 katika Kombe la Dunia la vilabu, mabao ya Kabangu na Kaluyituka, wakawa timu ya kwanza isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali ya kombe lile. Huwaonyesha jinsi mlinda mlango Kidiaba alivyoruka-ruka kwa makalio, na watoto hufa kwa kicheko. Kisha husema, "Nami niliona kwa macho yangu, katika kibanda cha video Bunia, tulikuwa watu mia tano." Nimeisema habari hiyo miaka mingi hata nikaiamini.

Basi mwaka huu, wiki ya tatu baada ya kupima kiwanja, niliisimulia tena. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye akili nyepesi na heshima nyingi, akainua mkono. "Mwalimu, kile kibanda kilikuwa na mita ngapi?"

Nikasema, bila kufikiri, "Kumi kwa sita." Nakijua vizuri, maana bado kipo.

Nikaona midomo yao ikihesabu. Mita 60 za mraba. Watu wanne katika kila mita. Mvulana mmoja nyuma akanong'ona, "240," na mwingine akamwambia, "Toa mahali pa televisheni na pa benchi." Hakuna aliyecheka. Kama wangalicheka ingekuwa heri. Walinitazama tu, wakingoja nieleze hao wengine walisimama wapi, kwa maana mimi ndimi niliyewafundisha kwamba mtu sharti asimame mahali.

Nami nikajua kwamba kuna jambo baya zaidi ambalo kamba haiwezi kulipima. Mimi sikuwamo katika kibanda kile. Nilikuwa na miaka 20, nimetoka seminari miezi michache tu, sina kazi, na fedha ya kuingilia sikuwa nayo. Nilisimama nje, nyuma ya ukuta wa mabati, pamoja na vijana wengine thelathini au arobaini wasio na kitu. Hatukuona hata bao moja. Tulisikia. Bao lilipoingia mabati yalitetemeka, na sisi tukakumbatiana na watu tusiowajua. Kidiaba nilimwona baadaye, katika simu ya mtu.

Nikawaambia watoto hivyohivyo. Haikuwa rahisi, ubao ulikuwa nyuma yangu, na nilitamani sana kugeuka na kuandika kitu. Yule msichana akasema, "Asante, Mwalimu," akafungua daftari lake. Tukaendelea na sehemu za kumi.

Jioni ile nikaenda kwa Baba Katekista. Nilimkuta uani ameketi juu ya kigoda, akimenya muhogo pamoja na mke wake. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele na milele, amina. Karibu, Mwalimu. Umekuja na kamba?" Nikasema sikuja na kamba, nimekuja na aibu. Nikamweleza yote, ya mabati na ya watoto. Mama akainuka kwenda kuniletea chai, nadhani ili nisione anacheka.

Mzee akanyamaza kitambo, akimenya. Kisha akasema maneno ambayo najaribu kuyaandika kama alivyoyasema.

"Mwanangu, mimi siku ile sikuhesabu mtu. Nilikuwa nakimbia, na mtu akimbiaye haoni watu, huona rangi. Wewe hukuwapo mwaka 1964, uasi wa Simba ulipofika kwetu. Tulikimbilia porini. Huko jambo la kwanza tulilofundishwa ni kunyamaza. Mtu mzima alinyamaza, mbwa alifungwa mdomo, mtoto mchanga akilia mama yake alimziba. Mdogo wangu wa kike alizibwa hivyo, na kwa shida sana alirudiwa na pumzi. Tuliporudi, tulirudi na ukimya ule. Hata kanisani watu waliimba kwa sauti ya chini, kama wanaoomba ruhusa. Miaka ikapita namna hiyo. Halafu Jumatatu ile ya Pasaka nikapiga mpira, ukaingia, na nikasikia sauti. Nilisimama. Wenzangu wakadhani nimeumia. Sikuwa nimeumia, nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wakiwa pamoja wanaweza kupiga kelele kubwa namna ile na asije mtu kuwaua. Nikajisemea, hawa ni elfu kumi. Kama wewe una kamba ya kupimia sauti, nenda ulete."

Mimi nilikuwa na miaka 13 katika vita vya Bunia vya Mei 2003. Nami nimemwona mama akiziba mdomo wa mtoto. Sikuwa na la kujibu, nikachukua kisu nikamsaidia kumenya.

Chai ilipoletwa akaniuliza, "Sasa wewe, nyuma ya mabati, ulikuwapo au hukuwapo?"

Nikasema, "Nilikuwapo nje, Baba."

"Basi wafundishe watoto hivyo. Sema: nilikuwapo nje. Mimi siku ya Cairo nilikuwa kwenye redio moja pamoja na watu sabini, nami huwa nasema sabini. Hapo sijaongeza hata mmoja, waulize." Akafikiri. "Labda wawili."

Jumapili iliyopita alikuja. Alikaa mahali pake penye benchi, kofia juu ya goti, na hakuna aliyesema neno juu ya zile Jumapili zilizopita, ila yule mama wa karanga alimpa kifungu kimoja bure, jambo ambalo sijawahi kuliona likitendwa na mama yule. Tukanawa mikono kwanza kwa habari za muhogo na barabara. Kisha mimi mwenyewe nikaanza. Nikasema kwamba nimeitazama tena karatasi yangu, na kwa kweli nilisahau watoto wa mgongoni, nilisahau vijana juu ya miembe, tena sikuwahesabu wale walioweza kusikia toka ng'ambo ya mto Shari. Kwa hiyo naweza kupandisha hadi elfu nne.

Mzee akatikisa kichwa. "Elfu nane," akasema, "kwa ajili ya urafiki."

"Elfu nne na mia tano, Baba. Miembe ilikuwa miwili tu."

"Ilikuwa mitano. Mitatu ilikatwa kwa kuni, uliza hapa." Wazee wale wawili wakaitikia kwamba kweli ilikatwa, ingawa mmoja alisema ilikuwa miparachichi. Fundi wa baiskeli akashauri elfu sita, tumalize. Dereva akasema yeye hayumo. Vijana wa pikipiki walikuwa wamezima injini ili wasikie vizuri.

Ndipo mjukuu wa mzee akaja mbio, ametumwa na bibi yake. Baba Katekista akavaa kofia, akainuka kwa kuegemea bega langu. "Nenda kale, Mwalimu, sombe inapoa," akaniambia. "Jumapili ijayo tutahesabu upande wa mteremko."